Tathmini ya daraja la I-35W mjini Minneapolis: kasi ya ujenzi ni sifa ya pili

Daraja la I-35W Saint Anthony Falls, linaloipitisha barabara kuu ya I-35W juu ya mto Mississippi karibu na katikati ya mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani, lilifunguliwa alfajiri ya tarehe 18 Septemba 2008, na tangu siku hiyo jambo la kwanza kutajwa kila linapozungumzwa ni kasi ya ujenzi wake. Mkandarasi alichaguliwa Oktoba 2007, na baada ya miezi 11 hivi, ambayo ndani yake kulikuwa na majira ya baridi ya Minnesota, magari yakaanza kupita juu yake, miezi mitatu kabla ya tarehe iliyowekwa katika mkataba. Nalitumia daraja hili katika shughuli zangu za kawaida na nimeona si vibaya kulitathmini kama mtu anavyotathmini huduma aliyoilipia, kwa kuwa walipa kodi ndio wateja wake. Rai yangu ni kwamba kasi hiyo, pamoja na kustahili pongezi, ni sifa ya pili. Thamani kubwa ya daraja hili ni kwamba limejengwa kwa namna ambayo kasoro moja haiwezi kuliangusha lote, na kwamba mkaguzi anaweza kuingia ndani yake na kuona anachokitafuta.

Thamani hiyo haionekani mpaka mtu alijue daraja lililotangulia. Lile lilifunguliwa mwaka 1967, lilikuwa na urefu wa mita 581, na sehemu yake ya katikati ilibebwa na fremu ya vyuma vilivyounganishwa kwa pembetatu, ikivuka mto bila nguzo hata moja majini. Muundo wa namna hiyo ulikuwa wa gharama nafuu na ulipendwa sana na wahandisi wa zama zile, lakini ulikuwa na sharti gumu: kila kiungo muhimu kilitegemewa peke yake, hakikuwa na mwenzake wa kukipokea mzigo iwapo kingeshindwa. Kufikia mwaka 2007 takriban magari 140,000 yalikuwa yakipita hapo kila siku.

Jioni ya tarehe 1 Agosti 2007, saa kumi na mbili na dakika chache, wakati wa foleni ya watu wanaorudi nyumbani, fremu hiyo ilikatika na daraja likaanguka mtoni likiwa na magari 111. Watu 13 walikufa na 145 walijeruhiwa. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo mama mmoja kijana wa jamii ya Wasomali na mtoto wake mdogo. Mtaa wa Cedar-Riverside, ambao ni kitovu cha Wasomali wa Minneapolis, wengi wao wakiwa wamepitia Kenya, hauko mbali na ncha ya kusini ya daraja, na kwa hiyo msiba ule haukuwa habari ya mbali kwa watu wa Afrika Mashariki wanaoishi huku. Basi la shule lililobeba zaidi ya watoto 50 lilisimama likiwa limeegemea ukingo wa daraja lililokwisha kuvunjika, na watoto wote wakaokolewa.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ilichunguza kwa zaidi ya mwaka mmoja na kutoa ripoti yake Novemba 2008. Chanzo walichokitaja ni bamba la chuma linaloshika vyuma vinavyokutana katika kiungo kimoja. Katika viungo vilivyopewa alama ya U10 bamba hilo lilikuwa na unene wa nusu inchi, yaani takriban milimita 13, ilhali hesabu sahihi zingelitaka liwe nene karibu mara mbili ya hapo. Kosa lilifanyika kwenye meza ya wasanifu katika miaka ya 1960 na halikugunduliwa na yeyote aliyezipitia hesabu zile. Miaka ikapita, uzito ukaongezwa: mwaka 1977 sakafu ya daraja iliongezewa tabaka la zege, na mwaka 1998 zikafuata kazi nyingine, zikiwamo za kuta za kutenganisha njia. Siku ya ajali, ukarabati wa sakafu ulikuwa ukiendelea, njia nne kati ya nane zilikuwa zimefungwa, na mkandarasi alikuwa amerundika mchanga, kokoto na mitambo yenye uzito wa zaidi ya tani 260 karibu na kiungo kile kile dhaifu.

Kuna jambo katika ripoti hiyo ambalo huwa nalikumbuka kila ninaposikia watu wakisema daraja lilianguka kwa sababu ya uzee. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa katika orodha ya madaraja yenye upungufu wa kimuundo, na kila mtu alijua lina kutu, lina nyufa za uchovu wa chuma, na vikalio vyake vya chuma, ambavyo vinapaswa kusogea joto na baridi vinapobadilika, vilikuwa vimekaza. Wakaguzi walilitembelea, wakaandika, wakapiga picha. Hata hivyo, picha za mwaka 1999 na 2003 zinaonyesha mabamba ya U10 yakiwa tayari yamepinda, na upindaji ule haukumshtua mtu, kwa kuwa utaratibu wa wakati ule wa kukokotoa uwezo wa daraja haukudai mabamba ya viungo yahesabiwe. Ilidhaniwa kuwa bamba siku zote lina nguvu kuliko vyuma linavyoviunganisha. Uzee ulikuwapo, lakini ulikuwa ukitafutwa mahali ambapo siyo palipokuwa na hatari. Kwa hiyo mtu anayelipima daraja jipya anapaswa kwanza kuuliza kama linamwezesha mkaguzi kuona, kabla hajauliza limejengwa kwa siku ngapi.

Nianze na zabuni, kwa sababu ndiyo iliyozua manung'uniko mengi na bado kuna wanaoamini kuwa palifanyika mchezo. Bunge la Marekani liliidhinisha dola milioni 250 ndani ya siku chache baada ya ajali. Idara ya Uchukuzi ya Minnesota ilikuwa ikikadiria kwamba kukosekana kwa daraja kunawagharimu watumiaji wa barabara takriban dola 400,000 kwa siku, kwa hiyo ikaamua kutoa kazi ya usanifu na ujenzi kwa mkataba mmoja. Makampuni manne au miungano ya makampuni ilishindana. Bei ya kila mshindani ilijumlishwa na thamani ya siku alizoziomba, kila siku ikihesabiwa dola 200,000, kisha jumla ikagawanywa kwa alama za ubora wa pendekezo lake. Aliyeshinda ni muungano wa Flatiron na Manson, pamoja na wasanifu wa FIGG, kwa takriban dola milioni 234, ambayo ndiyo iliyokuwa bei ya juu kuliko zote, na kwa siku 437, ambazo hakuna mshindani aliyeomba nyingi zaidi yake. Si ajabu watu walifungua kesi. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliamua mwaka 2010 kwamba serikali haikuvunja sheria.

Mimi nakubaliana na uamuzi wa kumpa kazi aliyekuwa ghali. Zabuni inayompa ushindi aliyetaja bei ndogo humfunza kila mkandarasi kukata kile ambacho macho ya mteja hayakifikii, na katika daraja, kisichoonekana ndicho kinachobeba. Ninachokitilia shaka kidogo ni bonasi. Mshindi aliahidiwa fedha kwa kila siku atakayoiokoa, na mwishowe alilipwa zaidi ya dola milioni 20 juu ya bei ya mkataba. Hesabu za idara zinaonyesha kwamba wananchi waliokoa zaidi ya hapo kwa kufunguliwa njia mapema, nami sina sababu ya kulipinga hilo. Lakini mtu aliyejipa siku nyingi hivyo katika zabuni, kisha akalipwa kwa kutozitumia zote, amefanya biashara nzuri sana.

Kazi yenyewe ilipangwa kwa ustadi. Sehemu za daraja zilizo juu ya nchi kavu zilimiminwa zege papo hapo juu ya majukwaa ya muda. Sehemu ya juu ya mto, yenye urefu wa mita 154, iliundwa kwa vipande 120 vilivyotengenezwa katika miezi ya baridi kali juu ya barabara kuu iliyofungwa upande wa kusini, ndani ya mabanda yaliyotiwa joto, maana zege changa likipatwa na baridi ya huku linaganda kabla halijakomaa. Vipande vikubwa vilikaribia tani 200. Kuanzia mwisho wa Mei 2008 vilipakiwa kwenye tishari, vikainuliwa na kreni, na kupachikwa kimoja baada ya kingine kutoka pande zote mbili za mto, mpaka mikono miwili ikakutana katikati mwezi wa Julai.

Kilichopatikana ni madaraja mawili yaliyosimama sambamba, moja la kwenda kaskazini na jingine la kwenda kusini, kila moja likiwa na njia tano na kubebwa na mihimili miwili ya zege yenye umbo la sanduku. Sanduku hilo ni tupu ndani. Karibu na nguzo kimo chake ni takriban mita 7.6, na katikati ya mto hupungua hadi mita 3.4 hivi, kwa hiyo mkaguzi mrefu kiasi gani hutembea wima, mwenye taa mkononi, akitazama dari, kuta na sakafu kwa umbali wa mkono. Linganisha hilo na daraja la zamani, ambako ilimbidi mtu aning'inizwe kwa mashine chini ya vyuma, penye kinyesi cha njiwa na kutu, kuvitazama viungo vilivyojificha pembeni. Nyaya za chuma zinazokaza zege zimetawanywa nyingi, hivi kwamba chache zikishindwa nyingine huendelea kubeba, na kwa kuwa kuna mihimili minne badala ya fremu mbili, mzigo una pa kukimbilia. Hilo ndilo nililolilipia kama mteja, na ndilo ninaloliona limefikishwa sawasawa na ahadi.

Zege lenyewe linastahili sentensi yake. Sehemu kubwa ya saruji ilibadilishwa na majivu ya makaa ya mawe na masalia ya tanuri za chuma, hasa katika nguzo, jambo linalopunguza joto la zege linapokomaa na kulifanya lisipenyeze maji kwa urahisi. Katika mji ambao barabara humwagiwa chumvi kwa miezi mitano ili kuyeyusha barafu, maji ya chumvi yanayopenya hadi kwenye nondo ndiyo maradhi yanayoua madaraja. Wasanifu walikusudia lidumu miaka 100.

Kisha kuna vitambuzi, 323 kwa hesabu iliyotangazwa wakati wa ufunguzi, vilivyozikwa ndani ya zege au kufungwa juu yake kupima joto, mvutano, mtikisiko, kusogea kwa maungio na dalili za kutu. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Minnesota wamezitumia takwimu zake kujifunza jinsi daraja kubwa la zege linavyojinyoosha na kujikunja kati ya kiangazi na kipupwe. Vitambuzi hivi vilipigiwa debe sana, kiasi kwamba watu wengi wanaamini daraja linajikagua lenyewe. Halijikagui. Kifaa cha kielektroniki hakiishi miaka 100, nyaya huharibika, programu hupitwa na wakati, na takwimu zisizosomwa na mtu mwenye mamlaka ya kufunga njia hazina faida. Tukumbuke kwamba picha za mabamba yaliyopinda nazo zilikuwa takwimu. Kwa hiyo vitambuzi navipa alama nzuri kama nyongeza, lakini kama ningelazimika kuchagua kati yavyo na ule mlango unaomwingiza mkaguzi ndani ya sanduku, ningeuchagua mlango.

Kwa dereva, huduma ni nzuri mpaka inakosa cha kusimuliwa. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa unavuka mita 371 kwa sekunde 15 hivi, na kinachokujulisha kuwa umepanda darajani ni mdundo mfupi wa matairi kwenye maungio ya ncha moja, kisha mwingine kwenye ncha ya pili. Njia ni pana, bega la barabara linatosha gari lililoharibika kusimama bila kuhatarisha maisha ya mtu, jambo ambalo katika madaraja mengi ya mijini halipo, na taa ni za LED, ambazo mwaka 2008 zilikuwa bado ngeni katika barabara kuu za Marekani. Foleni za jioni zipo kama zilivyokuwa, kwa kuwa chanzo chake ni makutano ya barabara yaliyo kabla na baada ya daraja.

Mapungufu yake yanaonekana pale mtu anapolitazama kama sehemu ya mji. Mwenda kwa miguu na mwendesha baiskeli hawana nafasi juu yake, wanaelekezwa kwenye daraja la Tenth Avenue lililo ubavuni, ambalo ni la mwaka 1929 na ambalo lenyewe lilifungwa kwa ukarabati mkubwa kati ya mwaka 2020 na 2021. Barabara kuu iliyoukata mji katika miaka ya 1960 ilirudishwa palepale, pana zaidi, na kwa sababu ya haraka hapakuwa na muda wa kuuliza kama mji unaitaka hivyo. Wakazi waliitwa, ni kweli, lakini waliulizwa kuhusu rangi, wakachagua nyeupe, na kuhusu mambo ya sura kama umbo la nguzo. Maswali hayo si ya bure, ila ni madogo ukilinganisha na lile ambalo halikuulizwa.

Daraja pia liliimarishwa ili siku moja liweze kubeba treni nyepesi ya abiria. Wakati huohuo mipango ya njia ya treni inayounganisha Minneapolis na Saint Paul ilikuwa ikielekea kwingine, na ilipofunguliwa mwaka 2014 ilivuka mto kwenye daraja la Washington Avenue. Hivyo uwezo ule uliolipiwa umekaa bure hadi leo. Siulaumu sana uamuzi huo, maana kuongeza nguvu wakati wa ujenzi ni nafuu kuliko kuongeza baadaye, lakini hilo lilitumika mno katika kulinadi daraja. Vivyo hivyo na ile minara miwili ya zege yenye mawimbi, yenye kimo cha mita tisa hivi, iliyosimamishwa kwenye ncha za daraja kama alama ya maji, ambayo saruji yake maalumu inasemwa husafisha hewa kwa msaada wa mwanga wa jua. Minara miwili mbele ya magari zaidi ya laki moja kwa siku ni pambo, na afadhali ingeuzwa kama pambo. Aidha, lile sharti la kutoweka nguzo mtoni, lililolazimu urefu wote ule wa mita 154, lilitokana kwa sehemu na meli za mizigo, na miaka saba tu baada ya ufunguzi lango la maji la juu la Saint Anthony lilifungwa kwa vyombo vya majini. Hakuna msanifu angelitabiri hilo.

Wapo wanaosema daraja ni baya kwa sura. Hapo natofautiana nao, hasa usiku, linapowashwa taa za buluu chini ya tumbo lake na nguzo zilizopinda kuonekana vizuri kutoka kando ya mto. Aprili 2016, mwanamuziki Prince, mwana wa mji huu, alipofariki, liliwashwa taa za zambarau, rangi iliyomtambulisha, na nadhani siku hiyo ndiyo lilipoacha kuwa mradi wa serikali na kuwa la watu wa Minneapolis.

Kwa upande wa gharama pana, ajali ile ilizaa uamuzi mmoja ambao faida yake ni kubwa kuliko daraja lenyewe. Februari 2008, Bunge la Minnesota lilipitisha nyongeza ya kodi ya mafuta kwa kulitangua katazo la Gavana Tim Pawlenty, na sehemu ya fedha ikaelekezwa kwenye madaraja mengine mabovu ya jimbo. Kodi ilipanda kwa awamu kutoka senti 20 hadi senti 28.5 kwa galoni. Nimekuwa nikiilipa bila kinyongo. Dereva anayelalamikia senti hizo akumbuke kwamba kila daraja lililobadilishwa kwa utaratibu, kwa ilani ya miaka miwili na njia za kupitia zilizoandaliwa, hugharimu kidogo kuliko lile linalobadilishwa kwa dharura baada ya mazishi.

Kwa jumla nalipa daraja hili nyota nne kati ya tano. Nyota moja naizuia kwa ajili ya watembea kwa miguu na kwa maneno mengi ya kulinadi. Msafiri anayetaka kulitathmini mwenyewe asitegemee kupita juu yake kwa gari, maana kuta za pembeni humficha karibu kila kitu. Aegeshe gari upande wa magharibi wa mto, aanzie kwenye bustani ya kumbukumbu iliyofunguliwa tarehe 1 Agosti 2011 katika barabara ya West River Parkway, penye nguzo 13 za chuma kwa ajili ya wale 13, kisha afuate njia ya kando ya mto hadi chini ya daraja na kupanda Tenth Avenue. Kutoka hapo ataiona mihimili yote minne kwa pamoja, na akiwa na darubini ndogo ataona hata maungio ya vipande vilivyopachikwa kutoka kwenye tishari. Majira ya baridi avae viatu vyenye kushika barafu, kwa kuwa njia ya kando ya mto huteleza na katika baadhi ya sehemu theluji haiondolewi mapema.